Hiki Hakijachongwa na Mtu

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima, wewe na shemeji, na Mzee pia. Mimi nipo. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongeza chumvi. Mafua yaliyonishika mwezi uliopita yaliondoka yenyewe. Bweni ni lilelile na chai ni ileile ya kuchemshwa kwenye pipa. Mwenzangu wa kitanda cha juu, tunayemwita Wa Juu kwa sababu hakuna aliyeweza kulitamka jina lake, bado anakoroma kama anapasua gogo. Akigeuka, vumbi la godoro lake linaniangukia usoni. Tumezoeana.

Sababu ya kuandika unaijua. Tukiongea kwenye simu unaniuliza habari, nasema salama, nami nakuuliza habari, unasema salama, salio linakwisha. Barua naandika kidogo kidogo wakati wa chakula, na Dereva anapita hapa na lori lake la mbao karibu kila mwezi. Kuibeba haombi kitu, ila nimsimulie kidogo ya kwetu, kwa sababu yeye kwao hakuna mtu.

Bado niko kwenye mashine ya msasa. Kiwanda hiki kinatengeneza makabati ya unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. Wanayafunga vipande vipande kwenye maboksi, mnunuzi anajiunganishia mwenyewe nyumbani kwake, na kama limepinda ni shauri yake. Mzee angeyaona angetema mate. Usimwambie.

Sasa la maana. Wa Juu ana simu kubwa. Juzi alikuwa amelala anatazama video, nikasikia sauti ya randa. Nikainuka nikachungulia, nikakuona wewe, na aproni mpya, na benchi la Mzee nyuma yako. Wa Juu akaniambia huyu fundi anamfuata tangu mwaka jana. Nikamwambia huyu fundi nimemwogesha mimi. Hakuamini. Nikamtajia kovu la kidevuni, tukangoja, ulipogeuka lile kovu likaonekana. Basi akawatangazia bweni zima.

"Fundi Anaonyesha." Jina la ukurasa wenu limekaa vizuri. Nimeona mnavyotengeneza kitu na hamsemi ni kitu gani, watu wakisie. Huku wanakisia kweli. Mmoja anasema ni boti, Wa Juu anasema kabati. Atakayekosea atafua mashuka ya mwenzake.

Mimi sikukisia. Niliona matundu ya vigingi, na msumari hakuna hata mmoja. Kwetu meza ya mteja inapigwa misumari kama kwa fundi yeyote. Vigingi ni vya watu wa nyumbani, na ni kwa vitu viwili tu, kitanda cha mtoto mchanga na jeneza. Kwa hiyo nimejua: shemeji ana mimba, mmenificha. Hongereni. Ila mbona nijue kwa simu ya mtu?

Mzee anaendeleaje? Kwenye video namwona mkono tu.

Kaka yako


1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sote tupo. Shemeji yako anakusalimu, anasema sabuni iliyomo kwenye mzigo ni yako peke yako, usigawe bweni zima kama ile ya mwaka jana. Jirani yetu fundi cherehani amehama. Chumba chake kimechukuliwa na mtu anayerekebisha redio, siku nzima anajaribu stesheni.

Kumbe umeniona. Nilitaka kukuambia mwenyewe nikakosa pa kuanzia. Nilikwenda kwenye semina, kuna mwalimu mmoja mwanamke anafundisha watu wa kazi za mikono kujijengea jina. Anasema watu hawanunui kabati, wananunua kumjua aliyelitengeneza. Anasema usingoje kazi iishe ndipo uionyeshe. Onyesha unavyopima, unavyokosea, unavyorudia, na watu unaofanya nao kazi. Kila wiki kidogo, wakuzoee, siku wakitaka kitanda wasimkumbuke mwingine. Nilidhani ni maneno ya semina tu, lakini Kaka, watu wanatazama. Wanapenda hasa maranda. Yale ya Mzee unayajua, yanatoka marefu bila kukatika, yanajikunja kama utepe. Mwalimu akasema tusifagie chini ya benchi, yanapendeza kwenye picha. Mzee anafagia kila jioni. Nikamweleza alivyosema mwalimu. Akaniuliza, "Mwalimu wako ana karakana?" Nikasema hapana. Akaendelea kufagia.

Nimeshawaambia wafuasi kwamba mkataba wako unakwisha Novemba, na kwamba aliyenifundisha kuchonga kigingi yuko njiani kurudi. Nitairekodi siku utakayosimama tena kwenye benchi. Mwana Mkubwa Arudi Kazini. Mwalimu anasema hiyo itapita zote.

Kuhusu shemeji yako, hana mimba.

Paa la jikoni linavuja upande wa jiko. Nilipanda nikaona bati mbili zimeoza kwenye misumari, nikaweka lami, likavuja pembeni ya lami. Nitanunua bati mpya mvua ikikatika. Ukutani maji yamechora kitu kama ramani.

Mzee yupo. Asubuhi anapiga randa, mchana anapumzika.

Mwandiko wako umebadilika, unapanda na kushuka. Ni kalamu?

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Barua nimeipata, na sabuni, na picha ya shemeji amesimama mlangoni. Mwambie nimesema amependeza. Sabuni nimegawa kidogo tu. Huku baridi imepungua. Mmoja wetu amerudishwa kwao, mgongo umekataa, na kitanda chake kikapata mtu kabla godoro halijapoa.

Umesema shemeji hana mimba, ukaruka ukaenda kwenye paa. Paa nimelisoma lote.

Jumapili tulitazama video mpya. Mzee ameingia mzima kwenye picha, mara ya kwanza. Amekonda. Alisimamisha ubao mrefu, akasimama kando yake, akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, akatia alama kwa penseli, kisha akaongeza upana wa vidole vinne. Wewe nyuma ya simu ukasema, "Mnaona fundi anavyopima bila futi?" Bweni zima wakacheka. Wa Juu akasema si mnaona, kabati la kimo cha mtu. Akaniuliza, "Wewe wa kwao, ni nini?" Nikasema ni kabati. Mwenye boti akafua mashuka.

Mama tulimpima hivyohivyo, na vidole vinne juu yake. Vigingi nilichonga mimi, wewe ulikuwa unavipanga kwenye kitambaa.

Niambie ni la nani. Najua ni la nani. Niambie hata hivyo.

Na mimi nikuambie langu, isije ikawa mmoja amevua shati na mwingine amekaa na koti. Mwandiko si kalamu. Mashine ya msasa inatetemeka, na anayeishika anatetemeka nayo zamu nzima. Vidole vimeingia ganzi. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, nikinawa maji ya moto inaondoka. Sasa haiondoki. Kukiwa na baridi vile vya kulia vinakuwa vyeupe mpaka kwenye kifundo. Kifungo cha shati nakifunga kwa kuangalia. Daktari wa kiwanda alinichoma na sindano akaniuliza, "Unaisikia?" Nikamwambia naiona. Akaandika kitu. Akasema havitarudi kama vilivyokuwa. Nilingoja nihuzunike, nikaona wakati wa kula unakwisha, nikarudi kwenye mashine.

Mzee usimwambie. Anajua ana mtoto mmoja anayechonga kigingi kikaingia bila gundi. Mwache abaki na huyo. Na huo mpango wako wa mwana mkubwa kurudi kwenye benchi, uzime polepole, watu watasahau.

Kaka yako


10 Mei

Mdogo wangu,

Dereva amepita, hana kitu. Nimemuuliza mara mbili, akafungua hata droo ya lori nione.

Kwenye ukurasa kuna video mpya, kwa hiyo mko hai. Shemeji namsalimu. Nijibu.

Kaka yako


28 Mei

Kaka,

Shikamoo, na samahani. Shemeji yako mzima. Bati mpya zimewekwa, jikoni pakavu. Mtu wa redio amepata stesheni anayoipenda, haibadilishi tena.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nikianza naandika habari za ukurasa, kwa sababu hizo zinanijia haraka.

Ni la Mzee.

Ni uvimbe tumboni. Tumejua tangu Januari. Hospitali walimwambia arudi nyumbani, ale anachopenda. Tulipotoka pale hakutaka kuja nyumbani, alitaka tupite kwa muuza mbao. Akagonga kila ubao kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Muuza mbao akamuuliza, "Mzee, kazi gani hiyo ya kuchagua namna hii?" Akamjibu, "Ya mteja msumbufu." Njiani akaniambia, "Nikingoja nife, wewe utalipiga misumari. Nakujua."

Nilimuuliza kama naweza kurekodi. Akasema rekodi, upate wateja, ila usiseme ni nini, watu watatuletea machozi yao kabla ya wakati. Hiyo ya kukisia ikatokea yenyewe. Mwalimu alinipigia kunisifu, akasema ni ubunifu mkubwa kuwaweka watu roho juu. Sikumwambia kitu. Nikirusha, wafuasi wanaongezeka. Nikiona wameongezeka nafurahi, kisha nakumbuka ni nini, kisha sisikii chochote, basi narekodi tena. Oda za vitanda ni nyingi kuliko tunavyoweza. Sijui hata nakuambia haya kwa nini.

Alikataza nikuandikie. Alisema utavunja mkataba uje ukae hapa umtazame anavyokunywa supu.

Ya vidole vyako sijamwambia. Shemeji yako nilimwambia, akaacha alichokuwa anafanya akakaa chini.

Sasa kuna jambo. Mbao zote ziko tayari, matundu yametobolewa, na Mzee amekataa nichonge vigingi. Anasema, "Vya mama yenu alichonga kaka yako, na vyangu ni vyake." Amekata kipande cha ubao uleule, akakipasua vijiti, akavifunga mwenyewe kwenye gazeti, Dereva atakupa. Anataka uchonge huko uvirudishe. Dereva akirudi, najua Mzee ataniuliza kama vimekuja kabla hata lori halijazima.

Nimefikiri hivi. Wewe usifanye kitu. Nichonge mimi, niseme vimetoka kwako. Macho yake si kama zamani. Niandikie tu ndiyo au hapana.

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Nimefurahi jikoni hapavuji. Huku wamepaka bweni rangi, kijani, harufu yake inaingia kwenye chai.

Mzigo niliupata. Gazeti nimelisoma pia, la zamani.

Nilimwomba msimamizi niondoke mapema. Hati zetu ziko kwenye kabati lake mpaka mkataba uishe. Akaniuliza nani anaumwa, nikasema baba. Akasema kila mtu ana baba. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anatafuta kalamu yake.

Hapana, usichonge wewe. Ubao wa Mzee ukishikwa na mtu mmoja huku na mwingine huko, sijui, sikutaka. Niliazima kisu jikoni, nikakaa nyuma kwenye kamba za nguo. Wewe unajua kigingi hakichongwi kwa macho. Unakizungusha, gumba linakuambia wapi bado, unaondoa kidogo, unazungusha tena. Gumba langu halisemi. Cha kwanza kilitoka kama karoti. Cha pili nilikibana mno kikavunjika, sikujua nimekibana. Nilipokuwa kwenye kile kingine Wa Juu alikuja kuanua shati akasema, "Unatoka damu." Nikatazama, kweli. Mti ulikuwa umelowa. Nikafunga kitambaa nikaendelea. Wa Juu akasema, "Leta nikusaidie." Nikamuuliza, "Umewahi kuchonga?" Akasema penseli. Tukacheka kidogo.

Nimemaliza vyote. Vingine vinene upande mmoja, vingine vimepinda, kimoja sijui ni nini. Ningekuwa bado mwanafunzi wa Mzee angevitia jikoni vichemshe maji.

Kuna jambo lingine nimefanya. Kiwandani vigingi vinatoka kwenye mashine, vya mti kabisa, tunavipakia kwenye maboksi ya makabati. Vyote sawa kama mchele. Nilikumbuka unene wa keekee ya Mzee, ile anayotobolea matundu, nikatafuta vinavyolingana. Ni vyeupe, kwa hiyo nimevilaza kwenye chai ya rangi mpaka vikafanana na ubao wake.

Nakutumia mafungu mawili. Kwenye kitambaa chekundu ni vyangu. Kwenye nailoni ni vya mashine. Mpe vya nailoni. Mwambie nimechonga mimi. Atashika kitu kizuri, atalala. Vyangu nimevituma kwa sababu ule ni ubao wake, sikuweza kuutupa kwenye pipa la huku. Vifiche.

Na Mzee akivifungua, ukitaka rekodi. Mimi sitajua nikiiona nisikie nini, lakini rekodi.

Kaka yako


20 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Shemeji yako mzima, anakusalimu sana. Hii barua ni ndefu, isome umekaa.

Nilifanya ulivyosema. Nilimkalisha Mzee kwenye kigoda karibu na benchi, nikasimamisha simu kwenye kishikio chake, nikawasha, nikasema, "Baba, mzigo wa kaka." Kitambaa chekundu nilikuwa nimekiweka nyuma ya debe la gundi.

Akafungua nailoni. Akatoa kimoja, akakilaza kwenye benchi, akakisukuma kwa kiganja. Kikabiringika moja kwa moja mpaka ukingoni kikaanguka. Akachukua cha pili, nacho vilevile. Akasema, "Hiki hakijachongwa na mtu."

Nikamwambia kaka siku hizi ana mkono mzuri sana.

"Hata Mungu hana mkono huo," akasema. Kisha akakilamba. Akafikiri kidogo. "Chai."

Hapo simu ikazima, chaji ilikuwa imeisha. Hicho kipande nilikirusha baadaye, nadhani umekiona, kila mtu amekiona. Watu hawajui ni nini, wanajua ni mzee anayekataa kitu cha mashine. Siku hizi wanausema msemo huo kwa kila kitu. Keki ya harusi, nywele za bandia, hotuba, wanaandika chini yake, "Hiki hakijachongwa na mtu." Mwalimu anasema hilo ndilo neno la jina letu, tulichapishe kwenye aproni. Watu wa gundi wameuliza kama tutaitaja gundi yao siku ya kuonyesha kitu chenyewe. Kitu kisicho na gundi hata tone. Nimewaambia nitafikiri.

Lakini kilichofuata hakuna aliyekiona. Simu nilikuwa nimeipeleka ndani kuichaji.

Niliporudi akaniuliza, "Vyake viko wapi?" Nikasema vipi? Akasema, "Wewe tangu utoto ukificha kitu unakisimamia karibu." Nilikuwa nimesimama mbele ya debe la gundi.

Nikampa kitambaa chekundu. Alivitoa kimoja kimoja akavipanga kwenye benchi kwa mstari. Alivisoma kwa gumba, macho amefumba. Alipofika kwenye chenye damu alikaa nacho. Akauliza, "Mkono umefanywa nini?"

Nikamwambia. Samahani, Kaka, uliniomba. Nilisema mashine, nikasema ganzi. Akauliza ni wa kulia au yote miwili. Nikasema wa kulia zaidi. Shemeji yako alileta chai, akatuona, akaondoka nayo.

Nikasema, "Baba, niruhusu nivipitishe kisu kidogo tu, viingie." Akasema, "Usiviguse. Lete keekee."

Tukatoboa upya. Kila tundu kwa kigingi chake. Lile la kigingi kinene tukalipanua, la kile kilichopinda akaliingilia kwa upande, na kile ambacho hujui ni nini alikichimbia kwa patasi ndogo, mwisho kikakaa. Mikono ya Mzee haina nguvu tena, kwa hiyo alikuwa anaegemeza kitako cha keekee kifuani anasukuma na mwili, mimi nazungusha mpini. Alikuwa anachoka haraka, akilala nangoja, akiamka tunaendelea. Katikati ya kazi akasema, "Mwambie kaka yako keekee haitaki vidole." Sikuelewa kama ananituma au anajisemea, lakini nakuandikia.

Vigingi alipigilia mwenyewe. Vimeingia vyote. Nimelitikisa sanduku, halilii popote.

Sasa limeegemea ukuta karibu na mlango, kifuniko kando yake. Mzee anatundika kofia yake kwenye pembe ya kifuniko akiingia, na akitoka anaivaa. Siku hizi hatoki sana.

Siku zote hizo za kutoboa simu ilikuwa ndani. Siku ya kwanza kwa ajili ya chaji. Zilizofuata niliisahau, au nilijifanya nimesahau. Kwa hiyo hakuna picha yake popote, ndiyo maana nimekuandikia yote.

Mdogo wako


9 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini wewe na shemeji mnakula. Barua yako ya Septemba nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Sikukasirika kwamba ulimwambia.

Hii Dereva anaondoka nayo leo. Mimi nafuata kwa lori lijalo, hati zangu zimetoka kabatini, msimamizi ametia sahihi. Usijibu, tutapishana njiani.

Ukurasa umenyamaza. Mwezi mzima hakuna kitu. Wa Juu anaufungua kila jioni, anakuta ileile ya Mzee analamba kigingi. Mwanzo bweni walikuwa wanaitikia pamoja naye, "Chai." Sasa hawaitikii, wananitazama mimi. Juzi Wa Juu alifua mashuka yangu bila kukosea chochote. Aliyatandika mwenyewe akapanda kwake akalala.

Dereva nilimuuliza kama amepita kwetu. Akasema amepita. Nikamuuliza kama kofia ilikuwa kwenye kifuniko. Akasema hakuona kifuniko. Kisha akaanza kuangalia tairi, na tairi halikuwa na kitu.

Basi. Kama amekwenda, amekwenda na vigingi vyangu, na vile vilivyopinda. Kama yupo, mwambie nakuja. Yote mawili nimeyashika mkononi, na mkono wangu unaujua.

Wafuasi wako kama bado wanamngoja yule mwana mkubwa wa vigingi, waambie hayupo. Kuchonga kwangu kumekwisha, uchonge wewe. Ila wiki iliyopita nilikwenda kwa mafundi wa matengenezo, wana keekee ya zamani ya mkono inayoshika kutu kwenye rafu. Nilibana kipande cha ubao kwenye jiliwa la benchi lao, nikaegemeza kitako kifuani kama ulivyoandika, nikasukuma. Mpini nilizungusha kwa kiganja. Vidole sikuvihitaji. Fundi mmoja alikuwa anakula akaniuliza natengeneza nini. Nikasema tundu. Lilitoka upande wa pili limenyooka.

Kwa hiyo matundu niachie mimi, na kazi nyingine za kutumia mwili. Simu yako uiweke popote unapotaka, sitaigombeza.

Na chini ya benchi, kama kuna maranda yake, usifagie mpaka nifike.

Kaka yako